Mnyama Uliyemfungia Ni Amana Yako, Hata Akiugua

Bismillahir Rahmanir Rahim

Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama ba'ad.



Tumezoea kuandikiana juu ya malezi, ndoa, deni na swala. Leo tunaomba ruhusa yenu tuandike juu ya kobe. Tunajua wapo watakaotabasamu. Hata sisi, miaka michache iliyopita, kama mtu angetuambia kwamba tutakosa usingizi kwa ajili ya kobe, tungemcheka. Lakini yaliyotupata nyumbani kwetu hapa Buyenzi, Bujumbura, yametufunza jambo ambalo katika miaka zaidi ya ishirini ya kufundisha watoto madrasa tulikuwa tukilisema kwa ulimi tu.

Kobe huyo aliletwa kwetu mwaka 2019. Jirani aliyekuwa akihama nchi alikuja na sanduku la mbao, akasema, "Maalim, watoto wako watafurahi naye, hana taabu, anakula chochote." Tulimshukuru, wala hatukumuuliza swali hata moja. Watoto wakampa jina la Subira. Ni yule kobe wa madoa meusi na manjano, anayepatikana nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika. Hasemi, hang'ati, hapigi kelele usiku kama mbwa. Tukaona tumepata mnyama asiye na gharama.

Hapo ndipo kosa letu lilipoanzia.

UGONJWA WENYEWE

Wakazi wa Bujumbura wanazikumbuka mvua za mwaka 2024. Ziwa Tanganyika lilifurika, watu wa Gatumba na mitaa ya kandokando ya ziwa wakahama nyumba zao, na mjini kila kitu kilikuwa na unyevu. Idi ya mfungo ilikuwa Jumatano tarehe 10 Aprili. Wiki moja baada ya Idi, binti yetu Salma, mwenye miaka kumi na moja, akaja kutuambia kwamba Subira analia.

Tulipomtazama tukaona si machozi. Kamasi lilikuwa likimtoka puani na kufanya mapovu. Macho yamevimba na kufumba. Alikuwa akinyoosha shingo na kufungua mdomo kila anapovuta pumzi. Salma akatuambia kwamba hajala tangu siku mbili kabla ya Idi. Sisi wazazi hatukuwa na habari. Nyumba ilikuwa na pilau na wageni, na aliyefungiwa chini ya ngazi hakuwa na ulimi wa kuomba.

Tukamwita mtu anayeuza dawa za mifugo. Alikuja, akachukua faranga elfu kumi na tano, akampiga sindano ya vitamini, na akasema kesho ataleta ile dawa ya minyoo wanayochomwa ng'ombe na mbuzi, inaitwa aivamektini. Usiku ule tukampigia simu mpwa wetu anayesomea udaktari wa mifugo Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine. Aliposikia jina la dawa akapaza sauti, "Mjomba, msikubali! Hiyo inaua kobe!"

Tumeuliza zaidi baada ya siku ile, na ni jambo linalojulikana kwa waganga wa wanyama tangu miaka ya 1980. Dawa hiyo ni salama kwa ng'ombe ikitumiwa kwa kipimo chake, lakini kwa kobe huingia kwenye mishipa ya fahamu, ikampooza na kumuua. Yule muuzaji hakuwa na nia mbaya. Alijua ng'ombe, hakujua kobe. Nasi pia hatukujua. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa mwenye mnyama. Wenye mnyama tulikuwa sisi.

DAKTARI ALIVYOTUULIZA

Kwa msaada wa watu tukampata daktari wa mifugo aliyewahi kutibu wanyama wa aina hii. Tulitarajia amtazame mgonjwa. Badala yake akatutazama sisi, akauliza, "Maalim, huyu analala wapi?" Tukajibu: chini ya ngazi, juu ya saruji. "Anakula nini?" Tukajibu kwa fahari: wali, mkate, nyanya, ndizi mbivu, kile kinachobaki mezani. "Anaota jua saa ngapi?" Hapo tukanyamaza.

Akatueleza kwa upole, na tunalifikisha hapa kwa faida ya kila familia yenye kobe, mjusi au kiumbe kingine cha jamii hiyo.

Kobe hana moto wake mwenyewe mwilini kama sisi. Anaupata kutoka nje, kwa jua na ardhi iliyopashwa. Akikaa kwenye baridi na unyevu, tumbo lake linasimama, na kinga yake ya maradhi inalala. Hata dawa ukimpa haifanyi kazi inavyopaswa, kwa kuwa mwili haujaamka kuipokea. Tena hawezi kukohoa vizuri kama mtu, kwani hana ule msuli ulio chini ya mapafu unaotusaidia sisi. Uchafu ukiingia mapafuni unakaa humohumo. Kwa hiyo mafua, ambayo kwa mtoto ni jambo la siku tatu, kwa kobe yanaweza kuwa mauti.

Kuhusu chakula akasema kwamba kobe wa madoa ni mla majani. Kazi ya tumbo lake ni nyasi na magugu. Wali, mkate na matunda matamu vinamharibu tumbo. Na bila jua la moja kwa moja mwili hautengenezi vitamini D, na bila hiyo kalsiamu haiingii kwenye mifupa wala kwenye gamba. Akatuonesha gamba la Subira lilivyonyanyuka vilima vilima. Sisi tulikuwa tukiwaambia wageni kwamba ndivyo alivyopambwa na Mola wake! Kumbe ule ulikuwa ushahidi wa miaka mitano ya malezi mabaya, na daktari akasema vilima vile havitaondoka tena.

Neno lake la mwisho lilituchoma: "Ugonjwa huu haukuja na mvua. Mvua imeufungulia mlango tu."

HESABU YA FEDHA

Sasa tuseme kuhusu gharama, kwa sababu hili ndilo linalowatisha watu wengi, na hatutaki kulipamba.

Yule mtu wa kwanza alichukua elfu kumi na tano. Daktari alichukua elfu ishirini kwa kumwangalia. Chupa ya antibayotiki ilikuwa elfu arobaini na tano. Mabomba ya sindano saba, elfu saba. Dawa ya macho, elfu tisa. Pikipiki kwenda na kurudi mara mbili, elfu ishirini na nne, kwa kuwa petroli ilikuwa haba na kila dereva akisema bei yake. Kurudi kwa daktari kuangaliwa tena, elfu ishirini. Jumla ni faranga 140,000.

Kwa tajiri hizo si kitu. Kwa mwalimu wa madrasa anayeishi kwa michango ya wazazi, ni fedha nyingi. Na zinazidi kupanda. Mnamo Mei 2023 faranga yetu ilishushwa thamani mbele ya dola, na dawa nyingi zinatoka nje. Ndugu zetu wa nchi jirani nao wana hadithi zao za bei. Mwaka 2019, tulipompokea Subira, hatukuwaza hata siku moja kwamba mnyama wa bure anaweza kupandiwa na bei kama mchele na mafuta.

Habari ilipoenea mtaani, mzee mmoja tunayemheshimu alitusimamisha nje ya msikiti baada ya swala ya alasiri, akasema, "Maalim, kuna mayatima hawana madaftari, nawe unamchoma sindano kobe?"

Hatukumjibu siku ile. Maneno yake yalikuwa na uzito, na wiki ileile tulikuwa tunadaiwa ada ya shule ya kijana wetu wa pili. Usiku tukazungumza na mke wetu. Tulimwambia, "Mama Salma, pengine tumwachie Mola wake. Kobe ni kobe." Akatujibu, "Baba Salma, kama hamna, hamna, na Allah anajua. Lakini msiwaambie watoto kwamba ni qadari kabla hamjahesabu kilichomo mfukoni."

Tukahesabu. Ada ya kijana tukaiweka kando kwanza. Chakula cha nyumba tukakiweka kando. Fedha ya madrasa hatukuigusa, kwani si yetu. Kilichobaki ni fedha tulizoweka kwa ajili ya kununua mkeka mpya na kushona kanzu. Mkeka wa zamani ulikuwa bado unakalika. Asubuhi Salma akaja na elfu nane zake za Idi, akaziweka mezani bila kusema neno. Tulimrudishia elfu sita, tukachukua elfu mbili, ili ajue kwamba amana ni ya nyumba nzima.

DINI INASEMAJE?

Hebu sasa tumjibu yule mzee wetu kwa elimu, si kwa hasira.

Kwanza, sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Tunaifundisha watoto wakiwa na miaka sita. Lakini tutazame vizuri kosa lake lilikuwa nini. Hakulaumiwa kwa kukosa kufuga paka. Alilaumiwa kwa kumfungia, kisha asimpe chakula wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhini. Kufungia ndiko kulikomtwisha jukumu. Kobe aliye porini anajua wapi pana jua, wapi pana nyasi, na wapi pa kujificha na mvua. Sisi tulimwondolea hayo yote kwa kuta nne na saruji. Basi haki yake imo shingoni mwetu.

Pili, kwamba mnyama hana faida si hoja. Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salaam (Allah amrehemu), aliyefariki Misri mwaka 660 Hijria, sawa na 1262, alipozitaja haki za wanyama juu ya binadamu katika kitabu chake cha Qawaid al-Ahkam, alitaja kwamba mwenye mnyama analazimika kumgharimia kwa kadiri anavyogharimiwa mnyama mfano wake, hata kama amezeeka au ameugua kiasi kwamba hana faida tena. Mwanachuoni huyo ameyaandika haya karibu miaka mia nane iliyopita. Wanaosema kuhurumia wanyama ni mambo ya wazungu, na wasome urithi wao wenyewe.

Tatu, wapo wanaotuletea habari ya mjusi kafiri, kwamba yeye imeamrishwa auliwe, basi viumbe vyote vitambaavyo havina heshima. Hii ni kuchanganya mambo. Kobe si mjusi kafiri. Na hata huyo aliyeamrishwa kuuliwa, mafundisho yanatupa thawabu kubwa zaidi tukimmaliza kwa pigo la kwanza. Maana yake hata anayeuliwa hateswi. Seuze aliyeletwa nyumbani na watoto wakampa jina!

Nne, na hapa tunamuunga mkono mzee wetu, haki zina daraja. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mtu mwenye dinari ya kutumia, alimpangia: nafsi yake, kisha watoto wake, mkewe, mtumishi wake, na kadhalika. Mnyama hatangulii mtoto. Zaka haiguswi kwa ajili ya kobe, kwani wanaostahiki zaka wametajwa ndani ya Qur'an, nao ni makundi manane ya watu. Michango ya mayatima ni ya mayatima. Anayekopa kwa riba ili amtibu kobe ameacha wema mmoja na kuangukia dhambi kubwa.

Wanavyuoni wametofautiana kuhusu hukumu ya matibabu hata kwa binadamu mwenyewe, basi hatuwezi kumwambia masikini kwamba ni faradhi juu yake kumpasua kobe kwa malaki ya faranga. Ama chakula, maji, joto, usafi na kumwondolea maumivu kadiri ya uwezo, hapo hakuna udhuru kwa aliyemfungia. Akishindwa hata na hayo, basi amtoe kwa mwenye uwezo, asimwache afe kidogo kidogo chini ya ngazi.

Na kwa yule mzee tunasema kwa heshima: baba yetu, mayatima na kobe hawakugombana. Kilichogombana na kobe ni mkeka wetu na kanzu yetu. Siku ile kama tusingemtibu Subira, fedha zile zisingeenda kwa mayatima. Zingeenda kwa fundi cherehani. Tulipojihesabu kwa ukweli, tukaona aibu kwa pande zote mbili, na madaftari ya watoto wanne tukayanunua mwezi uliofuata kwa fedha iliyobaki.

MATOKEO

Daktari alitupangia sindano saba, moja kila baada ya saa 72, kwenye mguu wa mbele, kwa kipimo cha uzito wake. Mwili wa kobe huitoa dawa polepole, ndiyo maana hachomwi kila siku kama mtu, na anayezidisha akidhani anaharakisha uponyaji anaweza kumuumiza figo. Tulimpima kwenye mizani ya muuza mchele: kilo mbili na gramu mia tisa. Kila asubuhi tukimweka dakika ishirini katika beseni la maji vuguvugu yasiyofika puani, kwa kuwa kobe mgonjwa hukauka mwili. Usiku, umeme ulipokatika, tulimfungia bidoni la maji ya moto ndani ya kitambaa na kuliweka pembeni mwa sanduku lake, mbali kidogo ili asiungue. Salma ndiye aliyekuwa mlinzi wa bidoni.

Siku kumi na nne za mwanzo hakula kitu. Tulikwisha kuwaandaa watoto. Tuliwasimulia habari ya Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege chake akicheza nacho. Kindege kilipokufa, Mtume (S.A.W.) hakumwambia kwamba ni ndege tu. Alimwita kwa kuniya yake kama mtu mzima, na akamuuliza habari za kindege chake, kumliwaza. Mkuu wa umma, mwenye mambo ya dola na vita, ana nafasi ya kuuliza habari za kindege cha mtoto. Wazazi wangapi leo tuna nafasi hiyo?

Siku ya kumi na tano Subira akauma jani la mchicha. Nyumba nzima ikaitwa kuja kutazama. Alhamdulillah, mpaka leo yuko hai. Jicho moja lina ukungu, na gamba lake lina vilima vyake. Hatukumrudisha alivyoumbwa. Tumeacha tu kumharibu.

NASAHA KWA FAMILIA

Kutokana na hayo tunatoa nasaha zifuatazo, kwetu kwanza, kisha kwenu:

1. Usichukue kobe, kinyonga wala nyoka kutoka porini, na usimnunue kwa watoto wanaowauza njiani. Biashara ya kimataifa ya kobe wote wa nchi kavu inadhibitiwa na mkataba wa CITES uliotiwa saini Washington mwaka 1973, na nchi zetu zina sheria zake. Sisi hatukuuliza tulipompokea Subira, na hilo ni kosa letu. Hapa Burundi ofisi ya kuuliza ni OBPE, inayolinda mazingira.

2. Kabla ya kumpokea mnyama yeyote, uliza maswali matatu: anakula nini, anaishi miaka mingapi, na nani atamtibu. Kobe wa madoa anaweza kuishi miaka hamsini na zaidi. Sisi tuko katika miaka ya arobaini, naye huenda akatuzika. Basi mwandike katika wasia nani atamlea.

3. Kinga ni rahisi kuliko tiba. Jua la asubuhi nje ya nyumba, si nyuma ya kioo, pamoja na kivuli cha kukimbilia. Sakafu kavu ya udongo. Nyasi na magugu yasiyopigwa dawa. Maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa kwa ajili ya gamba. Maji safi kila siku. Karibu yote haya ni bure, nasi tuliyakosa kwa kutouliza tu.

4. Mpime uzito kila mwezi na uandike. Mnyama wa aina hii huficha ugonjwa mpaka uwe mkubwa. Mizani huwa ya kwanza kuona.

5. Usimpe dawa ya ng'ombe wala ya mtu bila ya kuuliza anayejua. Na jina la aivamektini lishike vizuri: si dawa ya kobe.

6. Wekeni kibubu cha mnyama. Faranga elfu moja kwa wiki ni elfu hamsini na mbili kwa mwaka. Haitoshi kila kitu, lakini daktari wa kwanza na dawa ya kwanza utavipata bila kugusa ada ya mtoto. Watoto nao watie chochote, wajifunze.

7. Osheni mikono kwa sabuni kila baada ya kumshika, wala msioshe vyombo vyake jikoni. Viumbe hawa hubeba vijidudu vya salmonela hata wakiwa wazima. Watoto walio chini ya miaka mitano na mama wajawazito wachukue tahadhari zaidi.

8. Ukishindwa, usimtupe porini akiwa mgonjwa. Atakufa kwa taabu, na anaweza kuwaambukiza wenzake. Omba msaada kabla mambo hayajaharibika. Kuomba msaada mapema si aibu.

MWISHO

Ndugu msomaji, hatukuandika haya ili tujisifu. Mwenye kujisifu angeanza na miaka mitano ya wali na saruji? Tumeandika kwa sababu tunaamini gharama ya mnyama haianzi siku anapougua. Inaanza siku ile unapofunga mlango nyuma yake. Siku hiyo ndiyo ya kuuliza na kuhesabu, na ikibidi, ya kusema hapana kwa upole na kumwacha alipo. Kusema hapana siku ya kwanza ni rehema. Kusema hapana siku anapokata pumzi mbele ya macho ya mtoto wako ni jambo jingine.

Jirani yetu alisema hana taabu, anakula chochote. Nasi tuliamini kwa sababu asiye na sauti huonekana hana mahitaji. Ndani ya nyumba zetu wamo wengine wasio na sauti: mzee aliyelala chumba cha nyuma, mtumishi wa nyumbani, mtoto mkimya kuliko wenzake. Baada ya Subira tumekuwa tukijiuliza kila usiku kabla ya kulala: nani leo hakula, na hatukujua?

Tunamuomba Allah (S.W.) atusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua, atupe huruma kwa viumbe vyake, na atujaalie riziki ya halali inayotosha haki zote zilizo juu yetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.